Alama za Maradhi ya Kifua na Tumbako

Maneno yetu ya leo ni juu ya kitu ambacho wengi wetu tumekitazama mara nyingi bila kukifahamu. Mtu akienda hospitali hapa Dodoma, akaonwa na daktari, akaandikiwa dawa, mara nyingi huona katika karatasi yake herufi moja na tarakimu mbili tatu: J45.9, au J44.1, au nyingine mfano wa hizo. Wako wadhanio kuwa ni bei ya dawa, na wako wadhanio kuwa ni namba ya chumba, wakazunguka wakikitafuta. Kumbe ni jina la ugonjwa wao, lililoandikwa kwa alama ambayo daktari wa Dodoma na wa Mombasa na wa Ujerumani huisoma kwa maana ile ile moja. Siku hizi alama hiyo huitwa msimbo. Nataka kueleza jinsi alama hizi zilivyopatikana, jinsi zinavyoandikwa kwa maradhi ya kifua yakaayo na mtu miaka mingi, na kwa nini neno la tumbako, ambalo mgonjwa hulificha na mwandishi huliacha, lina uzito kuliko tunavyolidhania.

Mtu wa Chang'ombe, kata ya jiji letu hili ambayo jina lake lenyewe latukumbusha mifugo, hahitaji kufundishwa maana ya alama. Mfugaji hukata sikio la ng'ombe wake kwa namna yake, au humtia chapa ya moto pajani. Ng'ombe akipotea, akaonekana katika kundi la mtu mwingine mwendo wa siku mbili, hapana haja ya maneno mengi: alama yasema. Lakini alama haisemi kila kitu. Haisemi kama ng'ombe ni mpole au mkali, wala kama ana maziwa mengi. Yasema neno moja tu, ni wa nani, na neno hilo latosha kwa kazi yake. Alama ya ugonjwa ni hivyo hivyo. Haisimulii taabu ya mgonjwa usiku; husema ugonjwa huu ni wa kundi gani, ili wenye kuhesabu wauhesabu pamoja na wenzake.

Zamani kila nchi, tena kila tabibu, aliuandika ugonjwa kwa jina alilolipenda. Katika mji wa London alikuwako bwana mmoja, William Farr, mtu wa ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo. Mwaka 1839 alilalamika ya kuwa ugonjwa mmoja huitwa kwa majina matatu au manne, na jina moja hupewa magonjwa mengi. Basi mtu atahesabuje? Tusimcheke, maana sisi nasi tu katika hali hiyo hata leo. Mtu akisema, "Baba yangu ana kifua," amesema nini? Huenda ni kifua kikuu, huenda ni pumu, huenda ni mkamba, huenda ni kichomi, tena huenda mapafu ni mazima na kilichochoka ni moyo. Maneno ni mawili, magonjwa ni matano, na kila ugonjwa una dawa yake.

Mwaka 1893 wenye elimu ya hesabu za watu na nchi walikutana Chicago, Marekani. Mfaransa mmoja, Jacques Bertillon, aliyekuwa mkuu wa kazi hiyo katika mji wa Paris, aliwaletea orodha ya sababu za vifo, nao wakaikubali. Mwaka 1900 wajumbe wa mataifa walikutana Paris wakaisahihisha, na tangu hapo imekuwa ikisahihishwa mara kwa mara, maana elimu haikai mahali pamoja. Orodha ya sita, ya mwaka 1948, ilikuwa ya kwanza kutoka mikononi mwa Shirika la Afya Duniani, nayo ilileta jambo jipya: haikuwa orodha ya waliokufa tu, bali ya wagonjwa walio hai pia. Orodha ya kumi ilikubaliwa mwaka 1990, ikaanza kutumiwa mwaka 1994. Ya kumi na moja ilikubaliwa mwaka 2019 na kuanza kazi tarehe 1 Januari 2022, na kila taifa huhamia kwake kwa wakati wake. Mimi hapa nitatumia orodha ya kumi, kwa kuwa ndiyo iliyozoewa katika fomu za madai za Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na ndiyo ambayo wengi wenu mtaikuta.

Katika orodha hiyo kila ugonjwa una herufi moja, kisha tarakimu mbili, kisha nukta, kisha tarakimu ya kupambanua zaidi. Fikirini hivi: herufi ni kijiji, tarakimu mbili ni nyumba, na ile ya baada ya nukta ni chumba. J ni kijiji cha maradhi ya kupumua. Nyumba za J40 hadi J47 ndizo za maradhi ya kifua yaliyo sugu, yaani yasiyotoka upesi. Mkamba uliozoea kurudi umo katika J41 na J42. Kuharibika kwa vifuko vya hewa ni J43. Ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa ni J44. Pumu ni J45. Jambo la kushangaza wengi ni hili, ya kuwa kifua kikuu hakikai katika kijiji hiki, ingawa hukaa katika mapafu yale yale. Chenyewe kimepewa herufi A, pamoja na maradhi ya kuambukiza, kwa sababu huletwa na vijidudu. Saratani ya mapafu nayo iko mbali, C34, pamoja na saratani nyingine. Waliopanga orodha hawakutazama mahali panapouma tu, walitazama na chanzo.

Tena neno moja likikosekana laweza kumhamisha mtu nyumba. Daktari akiandika "mkamba" bila kusema kama ni wa ghafula au ni sugu, sheria ya orodha ni hii: mgonjwa akiwa hajatimiza miaka 15, karani ahesabu kuwa ni wa ghafula, auweke J20, akiwa amepita umri huo, auweke J40, nyumba ya wasiojulikana. Hivyo mtu mzima mwenye mkamba wa miaka kumi huwekwa pamoja na wasiojulikana, kwa ajili ya neno "sugu" lililoachwa.

Sasa tuyatazame mapafu yenyewe. Njia ya hewa ni kama mti uliopinduliwa. Shina lake liko kooni, nalo hugawanyika kuwa matawi mawili, na matawi kuwa vitawi vyembamba sana, na mwisho wa vitawi ni vifuko vidogo visivyohesabika. Humo ndani ya vifuko hewa safi huingia katika damu. Ndani ya matawi mna vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo kazi yake ni kufagia, vikipandisha juu makohozi pamoja na vumbi lililonaswa humo. Moshi wa tumbako huvilegeza vinyweleo hivi na kuviharibu. Ufagio ukiharibika, taka hukaa, na mwili hutoa makohozi zaidi, na mirija huvimba. Ndipo asubuhi mvutaji akohoapo mpaka machozi yamtoke kabla hajasema neno. Wenyewe hukiita kikohozi cha sigara, wakakizoea kama mtu azoeavyo kilio cha mlango wake. Lakini matabibu wana kipimo: mtu akikohoa na kutoa makohozi siku nyingi za miezi mitatu katika mwaka, na mwaka wa pili vivyo hivyo, na sababu nyingine isionekane, huo ni mkamba sugu.

Madhara ya vifuko ni mabaya zaidi. Nyumba yenye vyumba vingi ina kuta nyingi. Ukizibomoa kuta zote upate ukumbi mmoja, nafasi ni ile ile, lakini kuta zimekwisha. Hewa huingia katika damu kwa kupita katika kuta za vifuko. Moshi wa miaka mingi ukizibomoa, kifua hubaki kimejaa hewa ambayo haimfai mwenyewe. Huvuta pumzi na kuona haitoshi. Kwanza huchoka akipanda mlima, kisha akienda kisimani, kisha akivaa nguo. Kuta zilizobomoka hazijengwi tena. Mtu akiacha tumbako, ubomoaji hupungua mwendo. Ndiyo faida yake, nayo ni faida kubwa, hata kwa mtu wa miaka sitini.

Je, daktari ajuaje kama ni pumu au ni ugonjwa huu wa kuziba? Kwa masikio peke yake hawezi kuwa na hakika, maana vyote viwili hutoa mluzi kifuani. Kiko chombo ambacho mgonjwa hukipuliza kwa nguvu zake zote mpaka pumzi imwishie. Chombo hupima pumzi yote iliyotoka, na kupima ni kiasi gani kilitoka katika sekunde ya kwanza. Kisha hupewa dawa ya kuvuta ya kufungua mirija, akapuliza tena. Ikiwa baada ya dawa bado sekunde ya kwanza haifikishi sehemu saba katika kumi za pumzi yote, njia zimezibika kwa namna isiyofunguka sawasawa, na hiyo ndiyo dalili kubwa ya J44. Mwenye pumu kwa kawaida hufunguka sana. Chombo hiki hakipatikani katika kila zahanati. Kwa hiyo mahali pengi hubaki maneno ya mgonjwa na macho ya tabibu, na hapo ndipo upungufu wa maneno unapodhuru.

Natoa mfano, si habari ya mtu fulani anayejulikana. Tuseme yuko mzee wa miaka 62, amevuta sigara tangu ujana. Mwezi wa Juni, upepo wa vumbi unapovuma katika nchi yetu hii kavu, anakwenda zahanati. Huandikwa "kikohozi", na kikohozi peke yake kina alama yake, R05, katika kijiji cha dalili zisizojulikana chanzo chake. Hupewa dawa ya maji. Septemba hurudi, ana homa. Huandikwa kichomi, J18. Apona homa, kikohozi hakimtoki. Desemba wanafikiri kifua kikuu, nao wana haki, maana katika nchi yetu kikohozi cha wiki mbili sharti kipimwe hivyo. Makohozi hupimwa, hapana vijidudu. Huambiwa nenda nyumbani, huna kitu. Machi hana pumzi ya kufika barabarani. Huandikwa "kubanwa pumzi", R06.0. Angalieni basi. Katika mwaka mmoja mzee huyu ameandikwa mara nne, na kila mara mwandishi hakusema uongo. Lakini ugonjwa wake haukuandikwa hata mara moja. Mwisho wa mwaka daktari wa wilaya akijumlisha, ataona vikohozi vingi na vichomi vingi, wala hataona mtu hata mmoja aliyeharibiwa mapafu na tumbako. Ataagiza dawa za vijidudu. Dawa za kufungua mirija ataagiza chache, kwa kuwa hesabu imemwambia kuwa wanaozihitaji ni wachache. Hivyo mwaka ujao mzee akija, hata tabibu akiutambua ugonjwa, kabati huenda likawa tupu.

Tuje sasa kwenye tumbako yenyewe. Yenyewe si ugonjwa wa kifua, basi haikai J. Ina alama zake, nazo ni zaidi ya moja. Mtu anayetumia tumbako, lakini hajafungwa nayo, huandikwa Z72.0. Aliyefungwa nayo, yaani mwenye uraibu, huandikwa F17.2. Tofauti si hesabu ya sigara tu. Tabibu humwuliza: Je, una hamu kubwa isiyozuilika? Umejaribu kupunguza ukashindwa? Ukikosa, wataabika, wakasirika, hulali? Waona kipimo cha zamani hakikutoshi? Umeacha mambo mengine kwa ajili yake? Wajua yakudhuru, nawe waendelea? Matatu katika hayo yakiwa kweli katika mwaka mmoja, ni F17.2. Aliyekuwa na uraibu akauacha naye hasahauliwi, ana Z86.4. Hata shauri analopewa mtu la kuacha lina alama yake, Z71.6, ili ijulikane kuwa kazi ilifanyika.

Herufi F huwatia watu wa Dodoma wasiwasi, maana ni herufi ya maradhi ya akili na tabia, nasi tukisikia hivyo mawazo yetu hukimbilia Mirembe. Msiogope. Maana yake ni kwamba tumbako imeshika mahali pa kutamani na kuchagua, pale pale pashikwapo na pombe. Mimi naona ni heshima kwa mgonjwa kuliko kumwita mkaidi. Anayeambiwa ana uraibu aweza kusaidiwa. Anayeambiwa ana ukaidi hugombezwa tu.

Wala wazee wetu wasidhani kuwa sigara pekee ndiyo tumbako. Ugoro unusao, na tumbako utafunayo au kuiweka mdomoni, ni tumbako vile vile kwa orodha hii, ingawa havitoi moshi. Na mkulima wa Tabora au Urambo anayechuma majani yenye umande huweza kutapika na kuona kizunguzungu kwa sumu iliyopita katika ngozi yake, hata kama hajavuta maisha yake yote. Naye ana alama, T65.2. Urambo, kwa wasiojua, ni ndugu wa Kongwa yetu katika ule mpango wa karanga wa miaka ya 1947 hadi 1951. Mpango ulipokufa, Kongwa ilipata ranchi ya ng'ombe, na Urambo ikapata tumbako.

Basi mwenye ugonjwa wa kuziba njia za hewa ambaye angali anavuta apaswa kuwa na alama mbili katika karatasi yake: J44 kwa mapafu, na F17.2 au Z72.0 kwa tumbako. Katika chapa ya orodha itumiwayo Marekani tangu mwaka 2015, mwanzoni mwa sehemu ya maradhi ya kupumua imeandikwa amri waziwazi: ongeza alama ya tumbako. Naona amri hiyo ni ya akili, maana mwandishi mwenye wagonjwa themanini mlangoni hataongeza alama asiyoambiwa. Orodha ya kumi na moja imekwenda mbele kidogo: yaruhusu alama mbili kuunganishwa kwa mkwaju mmoja, zikasomwa kama neno moja.

Mtu aweza kuuliza, kuna faida gani kuandika lile ambalo kila mtu analijua, kwamba tumbako hudhuru? Jibu ni kwamba lilijulikana kwa kuandikwa. Miaka ya 1940 huko Uingereza saratani ya mapafu ilionekana kuzidi katika hesabu za vifo, na watu walibishana sababu yake: wengine walisema ni moshi wa magari, wengine lami ya barabara. Richard Doll na Austin Bradford Hill waliuliza wagonjwa katika hospitali za London habari za kuvuta kwao, wakatangaza matokeo mwaka 1950. Lakini ubishi haukwisha. Ndipo mwaka 1951 walipowaandikia matabibu wa Uingereza wenyewe, wakawauliza: Wewe wavuta? Kiasi gani? Zaidi ya arobaini elfu walijibu. Kisha Doll na Hill wakangoja. Kila tabibu alipokufa, walitazama cheti chake cha kifo na sababu iliyoandikwa humo. Karatasi ya kwanza ilisema alivuta au hakuvuta. Karatasi ya mwisho ilisema alikufa kwa nini. Kazi iliendelea miaka hamsini, na mwaka 2004 ikatangazwa kuwa wavutaji wa maisha yote walikufa, kwa wastani, karibu miaka 10 kabla ya wenzao wasiovuta. Karatasi moja ingalikosekana, ile nyingine isingalifaa kitu.

Hapa kwetu hesabu ya tumbako si ndogo, wala si ya kutisha kama ya nchi nyingine. Uchunguzi wa watu wazima uliofanywa nchini mwaka 2018 ulionyesha kuwa karibu 9 katika kila mia walitumia tumbako ya namna fulani: wanaume karibu 15 katika mia, wanawake karibu 3. Kwa hiyo lingekuwa kosa kumbandika kila mwenye kubanwa pumzi alama ya tumbako. Shirika la Afya Duniani lasema kuwa katika nchi tajiri zaidi ya 70 katika mia ya ugonjwa huu wa kuziba hutokana na kuvuta. Katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati ni 30 hadi 40 katika mia, na moshi wa ndani ya nyumba ni sababu kubwa. Mnaijua tembe ya Kigogo: dari ya udongo, chini, yenye joto zuri usiku, na madirisha madogo au hapana. Mama apikaye humo kwa kuni tangu utotoni, mtoto mgongoni, amevuta moshi mwingi bila kugusa sigara. Akiulizwa "wavuta?" atajibu "la," na atakuwa amesema kweli, na sababu itakuwa imepotea. Yampasa mwulizaji aongeze: Wapika wapi? Kwa kuni, kwa mkaa, au kwa gesi? Kwa hewa chafu iko alama, Z58.1, na kwa anayekaa katika moshi wa sigara za mwenzake iko Z58.7. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kupika kwa nishati safi, ikitaka watu 80 katika kila mia wawe wameifikia ifikapo mwaka 2034. Tutajuaje mwaka huo kama vifua vya akina mama vimepona, ikiwa leo hatuviandiki?

Kadhalika wapasuao mawe kuwa kokoto, na wachimbao katika miamba. Vumbi la jiwe gumu hukaza mapafu, nalo ni J62; likikutana na kifua kikuu katika mtu mmoja, ni J65. Mpasua kokoto anayevuta sigara ana vyanzo viwili, na viwili viandikwe.

Zahanati ya kijiji haina kazi ya kuandika alama hizi zote. Huko mgonjwa huandikwa katika daftari la wagonjwa wa nje la ule mfumo uitwao MTUHA, na mwisho wa mwezi hesabu hujumlishwa kwa vistari, hupelekwa wilayani, na huko huingizwa katika kompyuta. Ugonjwa ulio na mstari wake katika orodha ya jumla huonekana; usio na mstari huangukia katika "mengineyo". Lakini daftari lenyewe lina nafasi ya maneno, na mwandishi aliyeandika "kikohozi sugu, avuta sigara miaka 40" amemwachia daktari wa hospitali njia ya kufuata. Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza kama karani aweza kuongeza mwenyewe neno la tumbako akiuona mfuko wa shati la mgonjwa umevimba pakiti. Hapana. Karani hugeuza kuwa alama lile tu ambalo tabibu ameliandika. Akiona shaka, amwulize tabibu.

Imebaki habari ya mgonjwa mwenyewe. Wengi huona haya. Mwanamke anusaye ugoro hukana mbele ya mkwewe. Kijana hukana mbele ya baba yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka habari za afya katika zile zinazolindwa zaidi, na mgonjwa ana haki ya kumwomba tabibu asikilizwe faraghani. Akisikilizwa, na ataje hesabu. Pakiti moja ina sigara 20. Aliyevuta pakiti moja kwa siku mwaka mzima amevuta "pakiti-mwaka" moja. Aliyevuta sigara 10 kwa siku miaka 30 amevuta pakiti-mwaka 15. Mwenye kiko au sigara za kusokota aseme tu mara ngapi kwa siku, na tangu lini. Ataje na moto wa jikoni, na vumbi la kazi, na kama aliwahi kutibiwa kifua kikuu, maana kifua kikuu kilichopona huweza kuacha kovu, nalo lina alama yake, B90.9, ili asitibiwe tena kwa ugonjwa uliokwisha.

Na wale wanaofia nyumbani, pasipo daktari? Tangu mwaka 1992, katika mradi uliofanywa Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini, Tanzania ilijifunza njia ya kuwauliza waliofiwa. Mwulizaji aliyefundishwa hungoja msiba utulie, kisha hufika nyumbani, akaketi na mjane, au mtoto, au ndugu aliyemwuguza marehemu. Huuliza alikohoa muda gani, alitoa makohozi au damu, alibanwa pumzi akilala au akitembea, miguu ilivimba au haikuvimba. Majibu hayo husomwa, na sababu ya kifo huwekwa alama kutoka katika orodha ile ile ya mataifa. Katika maswali yaliyotungwa na Shirika la Afya Duniani kwa kazi hii, limo pia swali kama marehemu alitumia tumbako, na ya namna gani, na kama ni sigara, ngapi kwa siku. Siku hiyo marehemu hawezi tena kujijibia, na jibu litakaloandikwa ni lile la aliyekaa naye nyumba moja.